Mwongozo kamili: kurekebisha kamba za kaiti ili izimike ukifyatua na iinuke ikianguka

Malalamiko ni yale yale, iwe Paje, Jambiani, Diani au Watamu. Mtu anateleza majini akivutwa na kaiti, yaani tiara kubwa la upepo. Anasukuma kifyatuo cha dharura, lakini kaiti haizimiki: inaendelea kumvuta, au inazunguka angani huku yeye akiburutwa majini. Mwingine kaiti yake imeanguka, haijapasuka wala haijakosa hewa, na bado nusu saa inapita haijainuka. Wa kwanza analaumu kifyatuo. Wa pili analaumu upepo.

Mara nyingi tatizo lao ni moja. Kamba hazina urefu unaotakiwa, au njia ya kamba ya usalama ina kitu kinachoizuia, na hakuna aliyezipima tangu siku vifaa viliponunuliwa. Habari njema ni kwamba kipimo kile kile kinachoponya tatizo la kwanza huponya na la pili. Kinafanyika nchi kavu, asubuhi moja, kabla upepo haujakolea.

Mwongozo huu ni wa baa ya kamba nne ambayo usalama wake unategemea kamba moja ya mbele, kwa sababu ndiyo imeenea zaidi. Wenye kamba ya tano wana sehemu yao mbele kidogo. Kama hujawahi kufundishwa na mwalimu kurusha, kufyatua na kujiokoa, usijaribu hatua za majini peke yako.

## Majina ya vitu

Baa ni ule mpini unaoushika kuongoza kaiti. Hanesi ni mkanda mpana unaouvaa kiunoni. Kitanzi ni kile kinachoingia kwenye kulabu ya hanesi, na kifyatuo ndicho kinachokifungua kwa dharura. Ugwe ni ile kamba fupi inayovutika, inayounganisha hanesi na kamba ya usalama. Kipunguza nguvu ni mkanda au kamba iliyo juu ya baa, unayoivuta kufupisha kamba za mbele upepo ukizidi. Swiveli ni kiungo kinachozunguka ili kamba za mbele zisisokotane. Bomba la mbele ni lile kubwa la kujaza hewa, na hatamu ni kamba ndogo zilizofungwa juu yake. Vikia ni vile vipande vifupi vyenye mafundo, kwenye kaiti au karibu na baa, ambako kamba ndefu huunganishwa.

## Vifaa

- Kitu imara cha kufungia kilicho kwenye urefu wa kiuno: nguzo, mnazi uliokomaa au ndoano ya ukutani. Kiti cha plastiki hakitoshi.
- Nafasi iliyo wazi ya mita 30 kwenda mbele. Kamba nyingi zina urefu wa mita 20 hadi 24.
- Futi ya kupimia, kalamu isiyofutika, na utepe wa rangi.
- Ndoo ya maji matamu na brashi laini, mswaki wa zamani unafaa.
- Kijiti chenye ncha butu cha kulegezea mafundo. Usitumie kisu kwa kazi hii, kinakata nyuzi bila wewe kuona.
- Vikia vya akiba.
- Glavu.
- Kisu cha ndoano cha kukatia kamba, kikae kwenye hanesi na sio kwenye begi.
- Msaidizi anayesikiliza. Hatua ya 4 haifanyiki vizuri bila yeye.

Usilete grisi wala mafuta ya mashine. Mafuta hushika mchanga, na mchanga ndiyo adui unayemtoa.

## Kinachotakiwa kutokea ukifyatua

Ukisukuma kifyatuo, kitanzi kinafunguka na kuachia kulabu. Baa, kipunguza nguvu na kamba tatu vinakimbia kuelekea kaiti. Kamba moja tu ya mbele inabaki imeshikwa na ugwe wako. Kwa kuwa kaiti sasa imeshikwa upande mmoja, inalala ubavu na kupepea kama bendera. Upepo unaipita pande zote mbili na nguvu inakwisha.

Kwa hiyo mambo matatu lazima yawe kweli kwa wakati mmoja. Kifyatuo kifunguke chini ya mzigo. Baa iteleze bila kukwama. Kamba nyingine zote zilegee kabisa. Watu wengi hujaribu la kwanza tu, wakasikia ule mlio, wakaridhika. Kaiti inayoburuta mtu baada ya kufyatua karibu kila mara imekosa la pili au la tatu.

## Hatua ya 1: Osha na kagua

Lowesha baa yote kwenye maji matamu kwa dakika kadhaa. Sukuma kifyatuo ndani ya maji mara kwa mara, zungusha swiveli kwa vidole, piga brashi tundu la katikati la baa. Chumvi iliyokauka ndani ya swiveli huifanya igome, na swiveli iliyogoma huacha kamba za mbele zisokotane kila unapoizungusha kaiti.

Kisha ipitishe kamba ya usalama yote kati ya vidole, kuanzia pete ya ugwe hadi mwisho. Fumba macho ukipenda, vidole vinaona vizuri zaidi. Unatafuta manyoya, sehemu iliyobonyea, fundo dogo lililojifunga lenyewe, au ganda lililochanika na kuacha kiini wazi.

Onyo: Fundo lililojifunga kwenye kamba ndefu hupunguza nguvu ya kamba sana, hata kukaribia nusu, na zaidi ya hapo linaweza kukwama kwenye tundu la baa siku ya dharura. Lilegeze kwa kijiti. Likikataa, badilisha kamba.

Umefaulu kama: swiveli inazunguka kwa kidole kimoja, kifyatuo kinarudi mahali pake chenyewe, na kamba ya usalama inapita vidoleni laini mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Tandaza kamba

Ingiza kitanzi kwenye nguzo. Tembea ukiachia kamba, ukizitenganisha kwa vidole moja moja, za nyuma nje na za mbele katikati. Toa msokoto wote, hata ule wa nusu duara tu.

Sababu ni kwamba msokoto hula urefu. Ukipima kamba zilizosokotana utarekebisha kitu ambacho hakikuharibika, na utaingia majini na hali mbaya kuliko uliyoanza nayo.

Weka alama ya utepe kwenye kamba ya mbele ambayo ndiyo ya usalama. Kwenye baa nyingine ni ya kushoto, nyingine ya kulia, na watu wanaoazimana vifaa hukosea hapa kila siku. Ivute pete ya ugwe kidogo: kamba inayotikisika mwisho wa pili ndiyo yenyewe.

## Hatua ya 3: Pima usawa wa kamba nne

Legeza kipunguza nguvu hadi mwisho, yaani baa iwe kwenye nguvu kamili. Vuta baa mpaka iguse kitanzi, ikae sawa bila kuinamia upande, na msaidizi aishike hapo hapo. Wewe nenda mwisho wa pili, shika ncha zote nne pamoja, na uegemee nyuma kwa uzito wa mwili.

Katika hali hiyo ncha nne zinapaswa kufika mahali pamoja. Watengenezaji wengi hupanga hivyo. Wachache huweka tofauti ya makusudi, kwa hiyo kijitabu cha baa yako kikisema vinginevyo kifuate.

Sasa soma unachokiona.

Kamba za nyuma ni fupi. Hili ndilo la kawaida kuliko yote. Kamba za mbele ndizo zinabeba sehemu kubwa ya mzigo unapoendesha, kwa hiyo huvutika na kurefuka, huku za nyuma zikibaki zilivyo. Majini utalitambua hivi: ukivuta baa kaiti inarudi nyuma na kuanguka kinyumenyume; ukiisukuma baa hadi mwisho wa mkono bado kaiti ina nguvu; na ikianguka, inapapatika juu ya maji bila kwenda pembeni. Angalia vizuri orodha hiyo. Kukosa kupungua nguvu na kukosa kuinuka vimetoka kwenye sentimita chache zile zile.

Kamba za nyuma ni ndefu. Kaiti ni nzito kugeuka, unavuta baa hadi kifuani na hakuna jibu, na ukitaka kuiinua kutoka majini unavuta kamba ya nyuma mkono mzima bila bawa kutikisika.

Kushoto na kulia hazilingani. Kaiti inavuta upande mmoja hata baa ikiwa katikati. Hili usilivumilie hata kidogo. Kati ya mbele na nyuma unaweza kucheza sentimita moja mbili kulingana na mapenzi yako, lakini kushoto na kulia lazima ziwe sawa.

### Kurekebisha

Anza na vikia vya nyuma. Fundo lililo mbali zaidi na pale kikia kilipofungwa hurefusha kamba, lililo karibu huifupisha. Sogeza fundo moja, kushoto na kulia, kisha pima tena. Usiruke mafundo mawili kwa mpigo, kwa sababu kila fundo ni sentimita kadhaa na utavuka usawa bila kujua.

Kama mafundo yamekwisha na kamba za nyuma bado ni fupi, zifunge hizo mbili kwenye nguzo na uzivute kwa uzito wa mwili, taratibu, mara kadhaa. Mara nyingi zinatoa kiasi kinachobaki. Zikikataa, hizo kamba zimemaliza kazi yake.

Onyo: Usifupishe kamba ndefu kwa kuifunga fundo katikati. Nimeona baa nzuri zimeharibiwa hivyo na mafundi wenye nia njema. Urefu unarekebishwa kwenye vikia tu.

Umefaulu kama: ncha nne zinafika pamoja chini ya uzito, na ukilegeza na kuvuta tena zinarudi pale pale. Andika kwa kalamu kwenye kikia fundo ulilotumia.

## Hatua ya 4: Jaribu njia yote ya kamba ya usalama

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Vaa hanesi. Ingiza kitanzi kwenye kulabu, unganisha ugwe na pete ya kamba ya usalama. Msaidizi ashike ncha zote nne mwisho wa pili, mikono miwili, na aegemee nyuma kama kaiti inavyovuta. Wewe simama imara, mguu mmoja mbele.

Fyatua, na uiachie baa. Msaidizi aendelee kurudi nyuma bila kuacha chochote.

Tazama baa. Inapaswa kuondoka mikononi mwako na kuteleza juu ya kamba ya usalama bila wewe kuisukuma. Kisha muulize msaidizi anahisi nini. Jibu sahihi ni moja tu: kamba ile yenye utepe imekaza, zile tatu zimelala mchangani.

Kama baa imeteleza kidogo ikasimama, nenda ukaikague hapo hapo ilipokwama, kabla ya kugusa kitu kingine. Kilichoizuia kitakuwa moja ya hivi:

Kamba za mbele zimesokotana. Hili ndilo kosa linalowaburuta watu wengi. Msokoto wa mara tatu nne hauonekani kuwa kitu unapoendesha, lakini chini ya mzigo unazibana kamba mbili kuwa moja. Ukifyatua, zote mbili zinabaki zimekaza na kaiti inakaa wima ikivuta kama vile hujafanya lolote. Dawa yake ni mazoea: kila ukimaliza kuzungusha kaiti, toa msokoto kwa kuzungusha swiveli, na usiingie majini na msokoto uliobaki wa jana.

Tundu la baa lina mchanga au limechubuka ndani. Osha, jaribu tena. Kama ukingo wa tundu umekatika na unakwaruza kamba, badilisha kipande hicho. Usikipige msasa ukidhani umepona.

Kamba ya usalama imezungushwa kwenye baa. Hutokea mtu akifunga vifaa kwa haraka na kuvifungua kwa haraka.

Baa ni ya muundo wa zamani, ambao ugwe umeshika kamba zote mbili za mbele na baa inateleza umbali mfupi tu. Pima kwa futi. Ikiwa baa haiwezi kupanda angalau urefu wa kaiti yako kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, kaiti haitalegea kabisa. Vifaa vingi kwenye fukwe zetu ni vya mkono wa pili vilivyoachwa na wageni, kwa hiyo baa za namna hii bado zipo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 21853, kinachohusu majaribio ya mifumo ya kufyatua, kilitoka mwaka 2020. Ukinunua baa iliyotengenezwa kabla ya hapo, ijaribu kwa ukali zaidi.

Rudia jaribio mara tatu. Mara ya pili lowesha kamba kwa maji ya bahari. Mara ya tatu ipitishe kwenye mchanga kwanza, kisha uoshe baadaye. Baharini hakuna atakayekupangusia kamba kabla hujafyatua.

### Ugwe umeshikwa wapi?

Kwenye baa nyingi kuna sehemu mbili za kuunganisha ugwe. Moja ni pete ya kamba ya usalama, ndiyo inayoizima kaiti. Nyingine iko kwenye kitanzi chenyewe, ya wale wanaocheza michezo ya kujitoa kwenye kulabu na kupitisha baa mgongoni. Ukiunganisha ya pili na ukafyatua, kaiti inabaki na kamba zote bila kuzimika, na wewe uko mwisho wake. Mwanafunzi hana sababu hata moja ya kuitumia. Ukikuta ugwe wa mwenzako uko hapo, mwambie kabla hajainua kaiti, hata kama humjui.

Upande wa hanesi, ugwe ukae mbele au ubavuni, mahali ambapo mkono wowote unafikia kifyatuo cha ugwe wenyewe. Hicho ni mlango wa mwisho: ukikisukuma unaipoteza kaiti yote, na kuna siku hilo ndilo jambo la busara.

Umefaulu kama: mara zote tatu baa imeteleza bila kusaidiwa, kamba moja tu imebaki imekaza, na umeweza kufyatua kwa mkono wa kushoto na wa kulia bila kuangalia.

## Wenye kamba ya tano

Kamba ya tano inashika katikati ya bomba la mbele. Ukifyatua, kamba nne zote zinalegea na kaiti inakunjika ikiwa imeshikwa pale katikati. Jaribio la hatua ya 4 ni lile lile, ila kamba inayobaki imekaza ni hiyo ya tano.

Urefu wake ndio wenye mtego. Ikiwa fupi kuliko za mbele, inabonyeza bomba wakati wa kuruka na kaiti inapoteza umbo. Ikiwa ndefu mno, inaning'inia na kunasa ncha ya bawa kaiti ikibingirika. Kwa kaiti ambazo kamba ya tano ni ya usalama tu, ilingane na za mbele au ilegee kidogo sana. Zipo ambazo kamba hiyo hubeba mzigo, na hizo zinafuata kijitabu chake.

## Hatua ya 5: Jaribu majini

Chagua siku ya upepo wa wastani, kilomita 20 hadi 28 kwa saa, unaovuma sambamba na ufukwe au kuelekea nchi kavu kwa mshazari. Kamwe usijaribu upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini. Upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, uwe wazi kwa mita 50 au zaidi, bila watu, mashua wala miamba.

Wakati wa maji una maana kubwa kwetu. Maji ya bamvua Unguja hupwa na kujaa kwa takriban mita 3 hadi 4, na pale palipokuwa kina cha kiuno panakuwa mchanga mtupu. Ingia maji yakiwa yanajaa, kina cha kiuno. Paje, Jambiani na Bwejuu yakipwa, vijiti na kamba za mashamba ya mwani vinakuwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Kaiti iliyozimika nusu itakupitisha humo, na itawakatia akina mama kamba walizozifunga kwa siku nyingi. Yale mashamba ni riziki ya watu. Jipange mbali nayo.

Jua pia utakakoishia. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hukusukuma kutoka Paje kuelekea Jambiani. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hukupeleka Bwejuu. Msaidizi asimame upande huo, sio ulikoanzia.

Shusha kaiti taratibu pembeni, upande wa bahari, iwe chini karibu na maji. Fyatua. Achia baa. Mtu akifyatua huku mkono mmoja umeng'ang'ania baa, kamba za nyuma zinakaza na kaiti inazunguka kwa nguvu. Mkono unataka kushika, kwa hiyo ulifanyie mazoezi jambo hili mpaka uzoee.

Umefaulu kama: kaiti imelala ubavu juu ya maji ikipepea, na mvuto uliobaki unaweza kuuhimili umesimama, bila kusogezwa.

Ikikaa wima na kuvuta, kamba mbili za mbele zimekaza: rudi hatua ya 4. Ikizunguka mfululizo, kuna kamba ya nyuma iliyonasa kwenye bawa au kwenye baa: sukuma kifyatuo cha ugwe kabla haijakufikisha kwenye kitu kigumu.

Baada ya kuzimika, ifuate baa kwa kupanda kamba ya usalama mkono kwa mkono, ukiwa na glavu. Usizungushe kamba kwenye kiganja wala kidole, hata kwa sekunde. Upepo ukipuliza ghafla unakata. Ukifika kwenye baa, zungusha kwanza kamba ya usalama kwenye baa na uifunge, ndipo uzungushe zote pamoja. Ukianza na zote, kamba za nyuma zitakaza na kaiti itapata nguvu mikononi mwako.

## Hatua ya 6: Kuinua upya kutoka majini

Kamba zikiwa sawa, kazi hii inakuwa ya utulivu. Kwanza kagua kwa macho: je, kuna kamba iliyozunguka ncha ya bawa? Kama ipo, usiinue. Kaiti iliyonaswa hivyo ikipata upepo huzunguka kwa nguvu zote. Fyatua, jikusanye, rudi nchi kavu.

Kama ni safi:

1. Legeza kipunguza nguvu chote. Wengi wanaanguka upepo ukiwa mkali, wakiwa wamekivuta, kisha wanasahau. Kikiwa kimevutwa, kamba za nyuma zimelegea na hakuna utakachoinua nacho.

2. Bomba la mbele likiwa chini, limekuelekea, vuta kamba moja ya nyuma kwa upole, ile ya upande unaotaka kaiti iende. Kwa kawaida upande wa baharini ni salama zaidi kuliko wa watu.

3. Ishike hapo na usubiri. Kaiti itasogea polepole hadi pembeni kabisa mwa eneo la upepo, yaani ile nafasi ya anga mbele yako ambamo kaiti inaweza kuruka, bawa moja likianza kunyanyuka. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanavuta zaidi kwa pupa na kaiti inarudi katikati.

4. Bawa likisimama na maji yakichuruzika, legeza kamba kidogo, shika baa, ipandishe kwa upole kando ya eneo la upepo. Usiikatize katikati.

Upepo ukiwa mdogo na kaiti imekaa tu, vuta kamba zote mbili za nyuma kwa pamoja. Itanyanyuka kinyumenyume kutoka majini. Ikiwa juu mita chache, achia moja, nayo itageuka.

Kama kamba ni sawa na bado haiinuki, bonyeza bomba la mbele. Hewa iliyopimwa kaiti ikiwa imelala kwenye mchanga wa saa saba mchana husinyaa ikigusa maji, na bomba laini linajikunja katikati badala ya kunyanyuka. Fuata shinikizo lililoandikwa kwenye kaiti, na ukiipuliza juani, kagua tena baada ya kuilowesha kabla hujaondoka ufukweni.

Umefaulu kama: kwenye upepo wa wastani kaiti inatoka majini kwa kuvuta upande mmoja tu, bila kupapatika kinyumenyume, na ikifika juu inatulia ukiachia baa.

## Kurudia kipimo

Kamba mpya hurefuka zaidi mwanzoni, kwa hiyo zipime baada ya siku chache za kwanza. Baadaye, kwa anayeendesha kila siku msimu wa kusi, mara moja kwa mwezi inatosha. Kwa baa ya shule inayopita mikononi mwa wanafunzi, kila wiki. Kufyatua kavu kwa hatua ya 4, bila kupima, kufanyike kila siku kabla ya kuinua kaiti.

Kamba moja ya mbele ikikatika au kuchakaa, badilisha zote mbili. Mpya haijavutika bado, ya zamani imeshavutika, na ukizichanganya kaiti itavuta upande tangu dakika ya kwanza. Ukimaliza kuzifunga, rudi hatua ya 3 upime upya zote nne, kisha hatua ya 4, kwa sababu aliyefungua kamba ya usalama ameifungua njia yake yote.